Joginder Singh: Fundi wa gereji aliyeshinda Safari Rally kwa gari lililokwishatumika

Kila msimu wa korosho unapomalizika na malipo ya minada kuwafikia wakulima, gereji za Nachingwea na Ruangwa hujaa. Gari lililolala chini ya mwembe tangu masika huvutwa mpaka kwa fundi. Mwenye Noah ya kubeba abiria anataka iinuliwe isikwaruze tumbo. Mwenye pikapu ya zamani anataka aongezewe springi nyuma ili abebe magunia mengi zaidi ya ufuta. Kijana aliyenunua Mark II ya miaka ya tisini anataka springi fupi na ngumu, gari likae chini kama alivyoliona kwenye simu.

Wote hao wanauliza swali moja: nibadilishe nini chini ya gari langu, na niache nini? Ni swali la pesa, maana seti ya springi na shokapu inaweza kumaliza faida ya shamba zima. Tena ni swali la uhai, kwa kuwa gari hilohilo ndilo litakalombeba mama mjamzito usiku kumpeleka hospitali.

Katika makala haya tumeona tulijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya mtu aliyelijua vizuri kuliko wengi katika Afrika Mashariki. Huyo ni Joginder Singh, dereva wa Kenya aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Wazee waliosikiliza redio miaka hiyo wanalikumbuka jina lake. Vijana wengi hawalijui, ingawa barabara alizozishinda zinafanana sana na hizi tunazopita sisi leo.

Mtoto wa Kericho

Joginder Singh alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, nchi ya mashamba ya chai magharibi mwa Kenya. Baba yake alikuwa Singasinga aliyetoka Punjab, akahamia Afrika Mashariki kutafuta maisha kama walivyofanya mafundi wengi wa jamii hiyo. Baadaye familia ilikuwa na gereji Nairobi, na humo ndimo Joginder alimokulia na kujifunza kazi.

Hapa tusimame kidogo. Madereva wengi wa mashindano wa enzi ile walikuwa watu wenye pesa, au waliolelewa katika michezo ya watu wenye pesa. Walijua kuendesha, na kazi ya chini ya gari waliwaachia wengine. Joginder aliingia kwa mlango mwingine. Alianza kwa kulala chali chini ya magari ya watu, uso umejaa grisi, akifungua bushi zilizokwisha na springi zilizovunjika. Kabla hajajulikana kama dereva alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake jinsi barabara zetu zinavyoua gari, na zinaanzia wapi.

Alifanya kazi pia katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akiwa mtu wa doria barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwafuata wanachama walioharibikiwa njiani na kuwasaidia waendelee na safari. Mtu wa kazi hiyo hajifunzi gari jipya dukani. Anajifunza gari lililokwama, siku baada ya siku. Anajua ni kitu gani hukatika kwanza, na ni kitu gani kinaweza kufungwa kwa waya mpaka mjini.

Safari ilivyokuwa

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka 1960 yakapewa jina la Safari ya Afrika Mashariki. Yalifanyika wakati wa Pasaka, ambao kwetu ni wakati wa masika. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa jumla mwendo ulifika takriban kilomita 5,000 kwa siku chache tu.

Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na lori, ng'ombe, baiskeli na watu waliokuwa wakienda kanisani. Palipokuwa pakavu vumbi lilificha shimo, na paliponyesha matope yalimeza gari mpaka milangoni. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7.

Joginder alikuwa miongoni mwa waliomaliza katika miaka yote hiyo miwili. Mwaka 1963 alimaliza wa nne akiwa na mdogo wake Jaswant katika Fiat 2300. Mwaka 1968 alimaliza wa tano katika Datsun Cedric. Kwa jumla aliingia Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Ukilinganisha na idadi ya magari yaliyokuwa yakibaki porini kila mwaka, utaona kwamba sifa yake kubwa ilikuwa kufika, na mbio zilikuja baada ya hapo.

Mwaka wa magari yenye misuli

Miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa wamependa sana magari ya injini kubwa, magari yaliyojulikana kwa nguvu ya kuondoka na mngurumo wake. Mpaka leo yapo, na wenye kuyapenda hutumia pesa nyingi kuyabadilishia springi na shokapu, kwa sababu mengi yalitengenezwa kwa barabara iliyonyooka na laini.

Mwaka 1963 kampuni ya Ford ililipeleka gari la Mercury Comet katika uwanja wa mbio wa Daytona, jimbo la Florida. Magari manne ya aina hiyo yalizungushwa usiku na mchana kwa takriban siku 40, kila moja likamaliza umbali wa kama kilomita 160,000 kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 165 kwa saa. Ilikuwa sifa kubwa. Mwaka uliofuata timu ya Comet ikaja kwetu kwenye Safari ya 1964. Injini zake zilikuwa za pistoni nane zenye ukubwa wa karibu lita 4.7. Miongoni mwa madereva waliopewa magari hayo alikuwamo Joginder Singh.

Matokeo yalikuwa mabaya. Ni Comet mbili tu zilizofika mwisho. Moja ilikuwa ya Joginder, lakini alikuwa nyuma sana, nafasi ya 21. Mshindi wa mwaka ule alikuwa Peter Hughes wa Kenya, aliyeendesha Ford Cortina GT yenye injini ya lita 1.5, yaani chini ya theluthi moja ya injini ya Comet.

Mtu anaweza kushangaa. Gari lililokimbia kilomita 160,000 bila kuchoka linashindwaje na kilomita 5,000? Jibu liko chini ya gari. Daytona ni lami. Gurudumu linazunguka, halirukiruki. Katika barabara ya udongo gurudumu linapanda na kushuka maelfu ya mara kila saa, na kila pigo linapita kwenye springi, shokapu, bushi na mikono inayoshika gurudumu, halafu linaingia kwenye bodi. Gari zito lenye nguvu nyingi linagonga shimo kwa uzito mkubwa zaidi. Nguvu ileile iliyolipatia sifa kule ndiyo inayolivunja huku.

Sisi wa Nachingwea tunayo kumbukumbu yetu ya jambo kama hilo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta hapa mashine nyingi, yakiwamo matrekta yaliyobaki kutoka Vita Kuu ya Pili. Zilikuwa mashine zenye nguvu, ila hazikuchaguliwa kwa ardhi hii wala kwa kazi hii. Nyingi ziliharibika mapema, na vyuma vyake vikabaki kuwa hadithi ya wazee. Chombo huchaguliwa kwa njia kitakayopita.

Volvo iliyokwishatumika

Mwaka 1965 Joginder na Jaswant waliingia Safari na Volvo PV544. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa limekwishatumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia. Hata umbo lake lilikuwa la zamani, kwa sababu aina hiyo ya Volvo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944, ina milango miwili na mgongo ulioinama kama kobe. Mwaka uleule wa 1965 kiwanda kilikuwa kinaacha kabisa kulitengeneza. Injini yake ilikuwa ya lita 1.8 tu.

Lakini lilikuwa na mambo matatu ambayo fundi angeyaona mara moja. Bodi yake ilikuwa kipande kimoja kilichoungwa imara, isiyojipinda ovyo gurudumu moja likitumbukia shimoni. Mbele kila gurudumu lilijitegemea kwa springi zake za kuzunguka, hivyo la kulia likigonga jiwe la kushoto haliyumbi. Nyuma lilikuwa na ekseli moja nene, nayo imekalia springi za kuzunguka na kushikwa na vyuma vya kuizuia isiende mbele, nyuma wala pembeni. Ni mpangilio rahisi. Ukiharibika, fundi wa njiani anauelewa.

Ndugu hao wawili walilikagua na kulitengeneza gari lao kwa mikono yao, kisha wakaingia barabarani. Gari namba moja lililotangulia kuondoka ndilo lililotangulia kurudi. Joginder Singh akawa mshindi wa Safari, na jina lake likavuka mipaka ya Kenya. Wazungu wakampa jina la utani lenye maana ya Singasinga arukaye. Wakenya wakamwita Simba.

Tuangalie vizuri alichokifanya, maana hapo ndipo penye jibu la swali letu. Mwaka mmoja kabla yake alipewa gari kubwa, lenye nguvu na timu kubwa nyuma yake, akamaliza wa 21. Mwaka uliofuata alishinda na gari dogo, la zamani, lililokwishatumika. Dereva alikuwa yuleyule, na mashindano yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni uhusiano kati ya gari na barabara.

Miaka tisa ya kusubiri

Baada ya ushindi ule wengi walidhani angeshinda kila mwaka. Haikuwa hivyo. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuja Tanzania. Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda mara mbili mfululizo katika Peugeot 404, gari jingine ambalo wazee wetu wanalikumbuka kama teksi na gari la abiria lisilochoka. Safari zake ndefu za magurudumu, yaani uwezo wa gurudumu kushuka na kupanda sana bila bodi kugonga, zilifaa njia zetu.

Joginder alimaliza wa pili mwaka 1969 katika Volvo, na wa pili tena mwaka 1970 katika Datsun. Alibadilisha magari, hakubadilisha tabia. Aliendelea kuwa dereva anayesikiliza gari. Fundi anayeendesha husikia bushi ikianza kulia kabla haijakatika, naye hupunguza mwendo mahali ambapo dereva asiye fundi angekanyaga mafuta.

Mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 42, aliingia na Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Msoma ramani wake alikuwa David Doig. Lancer ile ilikuwa gari dogo la familia lililoimarishwa. Mbele lilikuwa na springi na shokapu zilizounganishwa kuwa nguzo moja, mpangilio ambao leo upo mbele ya IST, Probox na Noah nyingi zinazopita mitaani kwetu. Nyuma lilikuwa na springi za bapa, vyuma vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama zile za pikapu.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Björn Waldegård kutoka Sweden, ndani ya Porsche 911 yenye injini ya lita 2.7. Porsche ilikuwa na kasi kubwa zaidi na ilikuwa imetangulia. Kisha sehemu inayoshika gurudumu la nyuma ikavunjika, na muda uliopotea katika kuitengeneza haukurudi. Joginder alishinda, Waldegård akawa wa pili.

Mwaka 1976 alishinda kwa mara ya tatu, tena na Lancer, tena na Doig. Mara hii Lancer zilichukua nafasi zote tatu za mwanzo. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeishi Kenya, alimpita kwa kushinda mara tano.

Tunachojifunza chini ya gari

Sasa turudi gereji kwetu. Hatusemi kwamba kila mwenye Noah ni Joginder Singh. Tunasema kwamba barabara ya vumbi haina dini wala kabila, inavunja vitu vilevile kwa mpangilio uleule.

Kwanza tuelewe kazi ya kila kitu. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu, au shokomzoba kama wanavyoita mafundi wengi, haibebi uzito. Kazi yake ni kuituliza springi. Ndani yake kuna pistoni inayopita kwenye mafuta kwa matundu madogo. Springi ikitaka kudunda, mafuta yanaikatalia, na nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa shokapu baada ya safari ndefu utaikuta ina moto. Katika barabara yenye mawimbi kama bati, mafuta hayo huchemka, na shokapu dhaifu huacha kufanya kazi kabla hujafika. Hapo gurudumu linaelea, breki hazishiki vizuri, na gari linateleza lenyewe kwenye kona.

Kutokana na hayo kuna makosa matatu ambayo tunayaona sana.

Kosa la kwanza ni kubadilisha springi na kuacha shokapu za zamani. Springi ngumu inarudisha mdundo kwa nguvu zaidi. Shokapu iliyochoka haiwezi kuituliza. Gari litakuwa juu na litaonekana jipya, lakini litadunda kuliko mwanzo. Springi na shokapu huchaguliwa pamoja, kama jembe na mpini.

Kosa la pili ni kuinua gari kwa vipande vya chuma au mpira vinavyowekwa juu ya springi, vile tunavyoviita spesa. Kipande kidogo kinaweza kusaidia gari lisiguse katikati ya njia. Lakini spesa haiongezi nguvu ya springi wala ya shokapu. Inalisogeza gari juu tu. Ukizidisha, shafti za magurudumu ya mbele hukaa kwa pembe mbaya na viungo vyake kuisha mapema, bol-jointi huvutwa kupita kiasi, na matairi huliwa upande mmoja. Pia gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi. Noah iliyojaa abiria na mizigo juu ya paa haihitaji msukumo mkubwa.

Kosa la tatu ni kuongeza bapa za springi nyuma ya pikapu ili libebe zaidi ya uwezo wake. Springi itabeba, lakini ekseli, beringi, breki, matairi na chesesi havikuongezwa. Na siku gari likiwa tupu, nyuma itakuwa ngumu kiasi kwamba gurudumu litarukaruka juu ya mawimbi badala ya kushika njia. Anayebeba ufuta miezi miwili na kutembea mtupu miezi kumi afikirie miezi yote kumi na miwili.

Kwa kijana wa Mark II tunasema hivi. Springi fupi zilitengenezwa kwa lami. Gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda linapogonga shimo. Ukiipunguza nafasi hiyo, pigo haliendi kwenye springi, linaenda kwenye bodi na kwenye mgongo wako. Comet za 1964 zilikuwa na sifa kubwa kule zilikotoka.

Mpangilio wa fundi

Fundi mzuri haanzi na kitu kinachong'aa. Anaanza na kilichokwisha. Gari likipanda juu ya jeki anatikisa kila gurudumu kwa mikono miwili, juu na chini, kisha kulia na kushoto, kusikia kama kuna mchezo kwenye bol-jointi, tairodi au beringi. Anaangalia bushi za mpira kama zimepasuka. Anaangalia shokapu kama inavuja mafuta. Anaangalia springi kama imevunjika au imelala upande mmoja. Anaangalia tairi limeliwa wapi, maana tairi husema yote. Likiliwa kwa madoamadoa ya mabonde, mara nyingi shokapu imechoka. Likiliwa upande mmoja, tuhumu mpangilio wa magurudumu.

Mara nyingi ukibadilisha bushi zilizokwisha na shokapu mbovu kwa zenye ubora uleule wa kiwandani, gari linarudi hali yake na hamu ya kuliinua inaisha. Na shokapu hubadilishwa mbilimbili, kulia na kushoto pamoja, ili upande mmoja usiwe na nguvu kuliko mwingine.

Ikiwa bado unahitaji zaidi, kwa sababu njia yako ya kwenda shambani ni ya mawe kweli, chagua springi na shokapu zilizotengenezwa kwa aina ya gari lako na kwa uzito unaoubeba siku nyingi, siyo uzito wa siku moja ya mavuno. Kinga ya chuma chini ya sampo ina faida kubwa na inaweza kutengenezwa na mchomeleaji wa hapahapa. Matairi yenye kuta imara na upepo sahihi ni sehemu ya springi pia, kwa kuwa ndiyo yanayopokea pigo la kwanza. Baada ya kazi yoyote ya chini, gari lipimwe mpangilio wa magurudumu.

Kitu kimoja zaidi hakinunuliwi. Joginder alimaliza Safari 19 kati ya 22 kwa sababu alijua wakati wa kupunguza mwendo. Hakuna shokapu inayouzwa Masasi, Lindi wala Dar es Salaam inayoweza kumlinda dereva anayeingia shimoni kwa kilomita 100 kwa saa.

Mwisho wa safari yake

Joginder Singh aliacha Safari mwaka 1980, baada ya zaidi ya miaka ishirini. Alifariki dunia London mwezi Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Kenya ilimlilia kama mmoja wa wanamichezo wake wakubwa, na mpaka leo jina lake hutajwa kila mashindano ya Safari yanapofanyika.

Hakuacha kiwanda wala aina ya springi yenye jina lake. Aliacha mfano wa mtoto wa gereji aliyewashinda watu wenye magari makubwa kwa kuijua barabara ya kwao na kulikagua gari lake mwenyewe. Mfano huo unamfaa mkulima wa Ruangwa mwenye pikapu ya zamani sawasawa na unavyomfaa dereva wa mashindano.

Kwa hiyo, pesa za korosho zikiingia na ukafika gereji, usianze kwa kumwambia fundi unataka gari lionekane vipi. Mwambie unapita njia gani, unabeba nini, na siku ngapi kwa mwezi. Kisha mwombe alipandishe kwenye jeki, uiname naye, akuonyeshe kwa mkono wake kilichokwisha. Kabla hujatoa shilingi, uwe umekiona.